Hivi ni kwa nini vyuo vya Kusini mwa Marekani (SEC) vilitawala futiboli muda wote huu?

#1 Mnyamwezi_Bham (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumamosi.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na sita Birmingham, Alabama. Nilipofika sikujua hata yadi kumi zinahesabiwaje. Sasa msimu ukianza, Jumamosi sipokei simu ya mtu mpaka mechi ziishe.

Kwa wageni wa mchezo huu: futiboli ya Kimarekani ina ngazi mbili kubwa, ya kulipwa na ya vyuo vikuu. Vyuo vimegawanyika katika ligi za kanda, na ya Kusini-Mashariki ndiyo inaitwa SEC. Humo wamo Alabama, Auburn, Georgia, Florida, Tennessee, LSU ya Louisiana na wenzao. Sasa angalieni hesabu. Tangu msimu wa 2006 hadi wa 2022, misimu 17, ubingwa wa taifa umekwenda SEC mara 13. Saba kati ya hizo zilifuatana, 2006 hadi 2012, na si kwamba chuo kimoja kilijifungia kombe ndani: Florida, LSU, Alabama na Auburn walipokezana. Ile misimu minne iliyowaponyoka, mitatu walichukua Florida State na Clemson, nao ni watu wa Kusini hukohuko. Ohio State peke yao, msimu wa 2014, ndio waliotoka Kaskazini.

Alabama ina watu kama milioni 5. California inakaribia milioni 40. Inakuwaje?

Mimi nasema Nick Saban na pesa. Alabama walimchukua Januari 2007 kwa mkataba wa miaka 8, dola milioni 32, watu wakapiga kelele nchi nzima. Akawapa makombe 6. Majirani wakaona wasipofungua mfuko watazikwa. Mwenye sababu nyingine aje nayo.


#2 Kibibi_Ngamiani

Nimevuta kiti, nasubiri shule. Ila wakuu, mpira umeshikwa mkononi kuanzia mwanzo hadi mwisho, huo "mguu" kwenye jina unatoka wapi?


#3 Dereva_ATL

@Kibibi_Ngamiani dada, mchezo wa kwanza kati ya vyuo, Rutgers na Princeton mwaka 1869, ulikuwa wa kupiga kwa mguu kweli. Mambo ya kubeba yalikuja baadaye kwa njia ya raga. Jina likabaki.


#4 Otish_Columbus

Salamu kutoka Ohio. Mnyamwezi, nakuheshimu, lakini Saban hawezi kuwa jibu. Florida walichukua kombe la msimu wa 2006 kabla Saban hajasimamia hata mechi moja Alabama. Kocha wao alikuwa Urban Meyer, mzaliwa wa Toledo, hapa kwetu Ohio. LSU walioshinda msimu uliofuata walikuwa na Les Miles, aliyecheza Michigan. Saban mwenyewe ni mtu wa West Virginia, chuo amesoma Kent State, Ohio.

Kwa hiyo akili ilitoka Kaskazini. Kusini walikuwa na hundi.


#5 Mnyamwezi_Bham

@Otish_Columbus hapo umenishika kwenye mwaka, nakubali. Lakini umenisaidia nusu ya pili ya hoja: pesa.


#6 Baba_Kasongo

Ndugu zangu, jambo. Mimi ni mtu wa Uvira, niko Bowling Green, Kentucky na familia tangu tutoke kambini.

Mnaongea makocha na hundi. Mimi nawaambia njooni Ijumaa usiku. Mwanangu ana miaka 16 na kilo 110, anacheza mstari wa mbele wa sekondari yake. Mara ya kwanza nilipokwenda kumtazama nilidhani kuna rais anakuja. Taa zimewashwa uwanja mzima, bendi ya shule inapiga matarumbeta, wamama wa kanisa wanauza chakula, wazee wamekaa na mablanketi yao mahali palepale wanapokaa kila wiki. Mzee mmoja ambaye hatujawahi kusalimiana akanishika bega akaniambia, "Yule namba 72 ni wako? Asante kwa kutuletea." Nikatoka machozi. Nilikuwa na miaka miwili tu nchi hii na hakuna mtu aliyewahi kunishukuru kwa kuja.

Mtoto akikulia kwenye mapenzi ya namna hiyo, ukubwani atacheza mpaka mifupa iseme. Mimi naanzia hapo.


#7 Dereva_ATL

Baba Kasongo umeandika vizuri sana mzee wangu.

Naongezea upande huo wa watoto. Sekondari za Georgia, Florida na Alabama zinafanya mazoezi rasmi majira ya kuchipua, mwezi wa Mei, wakati mtoto wa Kaskazini yuko kwenye besiboli au riadha. Zidisha kwa miaka minne ya sekondari.

Halafu idadi ya watu. Mwaka 1970 Georgia ilikuwa na watu milioni 4.6 na Michigan milioni 8.9. Sensa ya 2020: Georgia milioni 10.7, Michigan milioni 10.1. Mimi naendesha lori kati ya Detroit na Atlanta, naona kwa macho: kule viwanda vilivyofungwa, huku nyumba mpya zimepangwa kama mahindi. Wajukuu wa waliohamia Kaskazini kutafuta kazi za magari wamerudi kwa bibi zao. Walipo vijana ndipo mpira unapokwenda.


#8 Mwl_Knoxville

Nawasalimu wote. Mnaruka kitu kikubwa kuliko vyote, ngojeni nikieleze taratibu.

SEC ilianzishwa hapa Knoxville Desemba 1932, vyuo 13 vilipojitenga na ligi kubwa zaidi ya Kusini. Mojawapo kilikuwa Sewanee, chuo kidogo cha milimani, ambacho hakikushinda hata mchezo mmoja wa futiboli ndani ya SEC mpaka kikajitoa 1940. Vyote vilikuwa vyuo vya wazungu watupu. Kwa zaidi ya miaka 30 hakuna mchezaji mweusi aliyekanyaga uwanja kwa jezi ya SEC.

Wa kwanza ni Nate Northington wa Kentucky, tarehe 30 Septemba 1967, dhidi ya Ole Miss (Chuo Kikuu cha Mississippi). Alikuwa amekubaliana na mwenzake wa chumba kimoja, Greg Page, naye mweusi, kwamba watavunja ukuta ule pamoja. Page aliumia shingo mazoezini, akafariki usiku wa kuamkia mchezo huo. Northington akaingia uwanjani peke yake. Kila nikiifundisha habari hii nililazimika kunyamaza kidogo katikati, na mpaka leo nikiiandika mkono unasita.

Sasa fikirini: miaka yote hiyo vijana weusi wa Kusini walikuwa wapi? Wengine walikwenda vyuo vya watu weusi. Grambling ya Louisiana chini ya kocha Eddie Robinson, aliyemaliza na ushindi 408. Walter Payton, mtoto wa Columbia, Mississippi, alicheza Jackson State. Wengine walipanda treni kwenda Kaskazini: Michigan State iliyotamba 1965 na 1966 ilikuwa na Bubba Smith kutoka Beaumont, Texas. Yaani Kusini ilikuwa inafuga ng'ombe, maziwa wanakunywa wengine. Georgia, LSU na Ole Miss walichezesha mweusi kwa mara ya kwanza 1972. Mlango ulipofunguka vipaji vikabaki nyumbani. Kilichobadilisha mawazo ni ile siku ya Septemba 1970, USC ya California ilipokuja Birmingham na Sam Cunningham, mweusi, akawapiga Alabama 42–21. Kocha Bear Bryant ndipo akaanza kusajili weusi.


#9 BintiMvita_RN

Shikamoo mwalimu. Nashukuru kwa somo, hasa la Northington, sikulijua kabisa.

Ila naomba nirekebishe mwisho. Matokeo ni sahihi na Cunningham alikimbia yadi 135 siku ile. Lakini Bryant alikuwa amekwisha kumsajili Wilbur Jackson, kijana mweusi wa Ozark, Alabama, kabla ya mchezo huo. Jackson alikuwepo uwanjani akitazama, kwa sababu wakati ule mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kucheza timu ya wakubwa. Hadithi ya "siku moja ilibadilisha Kusini" ni tamu, lakini inawapokonya haki yao watu waliopigania jambo hilo miaka kabla, tena mahakamani.


#10 Mwl_Knoxville

Marahaba binti yangu. Umenisahihisha kwa haki. Wilbur Jackson nilimsahau.


#11 Otish_Columbus

Mwalimu, historia yako inaumiza na ni ya kweli. Lakini kama sababu, ina tundu katikati. Milango ilifunguka yote 1972. Georgia wakachukua ubingwa 1980 na Herschel Walker. Kisha? Kuanzia 1981 hadi 1991 hakuna chuo hata kimoja cha SEC kilichotwaa ubingwa. Miaka 11. Hiyo ni zama ya Miami, Penn State, Oklahoma, Notre Dame, na Miami hawakuwa SEC. Vijana weusi walikuwa tayari wanacheza Kusini, mazoezi ya Mei yalikuwepo, wamama wa kanisa walikuwepo. Kombe halikuwepo.

Kwa hiyo kuna kitu kilitokea baada ya 1991.


#12 Shangazi_Nashville

Hicho kitu kinaitwa televisheni, na mimi nitasimama hapo.

Zamani chama cha michezo ya vyuo, NCAA, ndicho kilichoamua mechi ipi ionyeshwe na mara ngapi. Vyuo viwili, Oklahoma na Georgia, vikakishtaki. Juni 1984 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikaamua kwa majaji 7 dhidi ya 2 kwamba ule ni ukiritimba. Tangu siku hiyo kila mtu auze mchele wake mwenyewe. Angalieni nani alikuwa mshtaki: Georgia, wa SEC.

Mwaka 1990 akaja kamishna Roy Kramer. Aligundua kipengele kwenye kanuni: ligi yenye timu 12 inaruhusiwa kujigawa makundi mawili na kucheza fainali yake. Akaleta Arkansas na South Carolina, akatangaza fainali. Makocha wake wenyewe walimlaumu, wakisema anaongeza mechi ngumu itakayowanyima ubingwa wa taifa. Fainali ya kwanza, Desemba 1992, uwanja wa Legion Field hapo kwako Birmingham, Mnyamwezi. Alabama hawajapoteza, wanacheza na Florida, 21–21 robo ya nne. Kama Florida wangefunga, Kramer angefukuzwa mjini. Antonio Langham wa Alabama akaudaka mpira wa Florida hewani akaupeleka mpaka mwisho. 28–21. Alabama wakaenda Sugar Bowl wakawapiga Miami 34–13 wakawa mabingwa wa taifa. Ligi nyingine nazo zikaja kuanzisha fainali zao.

Kisha 1996 SEC ikaanza mkataba wake yenyewe na kituo cha televisheni cha CBS. Kila Jumamosi alasiri nchi nzima ikawa inatazama mechi moja kubwa ya Kusini. Mtoto wa New Jersey anakua akimjua Peyton Manning wa Tennessee. Kramer huyohuyo akaongoza kubuni mfumo wa BCS uliozaa fainali ya kitaifa kuanzia msimu wa 1998. Fainali 16 zilichezwa chini ya mfumo huo. SEC ilishinda 9.

Makocha hufa na kustaafu. Mkataba wa televisheni unazaa kila mwezi.


#13 Mnyamwezi_Bham

Shangazi! Legion Field napita pembeni yake kila siku nikienda kazini na sikujua. Asante.


#14 Otish_Columbus

@Shangazi_Nashville hoja yako ni nzito, lakini Big Ten, ligi yetu ya vyuo vya Kaskazini, nayo ilianzisha chaneli yake 2007, miaka saba kabla ya ile ya SEC iliyokuja Agosti 2014. Na ubingwa wa miaka hiyo ulikwenda Kusini. Viwanja vikubwa? Michigan wanaingiza watu 107,601, hakuna SEC anayefika hapo. Pesa za matangazo na mashabiki zipo huku pia.

Mimi nasema kanuni. Big Ten ilijifunga tangu 1956 kutosajili vijana wengi kuliko nafasi zilizopo. SEC hawakuwa na breki hiyo. Skolashipu zilizoruhusiwa kwa timu hadi 2025 zilikuwa 85. Mwaka 2009 Ole Miss walisaini vijana 37 kwa mkupuo mmoja. Ukisajili ziada kila mwaka una nafasi ya kukosea, unachuja, anayebaki ni chuma. Mwenzako wa Kaskazini akikosea mmoja, amekaa naye miaka minne.

Halafu ratiba. SEC walicheza mechi 8 za ligi miaka yote hiyo, Big Ten wanacheza 9 tangu 2016. Wao wenyewe wameamua kwenda 9 kuanzia 2026. Na wapiga kura waliwapenda. Msimu wa 2011 LSU waliwafunga Alabama 9–6 kwao Tuscaloosa, kisha wote wawili wakapelekwa fainali ya taifa, Alabama akalipiza 21–0. SEC dhidi ya SEC! Sasa hapo kombe litakwenda wapi?


#15 Mama_Junior

Otish amegusa kidonda changu. Nilikuwa nasoma kimya, ila hapa nitasema.

Kijana wangu wa kwanza alimaliza sekondari 2008, Georgia. Kocha wa chuo kimoja cha ligi hii, sitakitaja, alikuja nyumbani kwangu mara tatu. Alikula pilau yangu. Alimwita mume wangu "bwana mkubwa" na akatuambia skolashipu ya mtoto ipo, tusihangaike. Vyuo vingine viwili vilipopiga simu, mtoto akawaambia ameshatoa neno lake. Sisi kwetu neno ni neno.

Wiki mbili kabla ya siku ya kusaini, Februari, simu ikaja usiku, niko kazini zamu ya wazee. Nafasi zimejaa. Mtoto asubiri mpaka Januari ya mwaka unaofuata, na kwa miezi hiyo ajilipie. Shuleni kwao walikuwa wamekwisha kuandaa meza ya kusaini. Kofia ya chuo kile nilikuwa nimeinunua mimi mwenyewe, dola 24, nikaificha kabatini ili siku hiyo aivae mbele ya picha. Nilirudi asubuhi nikamkuta amekaa jikoni na kofia ameiweka juu ya meza. Alikuwa anajua nilipoificha siku zote.

Hakurudi kwao. Alikwenda chuo kidogo, akacheza miaka miwili, akamaliza shahada yake. Hana kinyongo. Mimi ninacho. Vikombe vile mnavyovihesabu hapa juu, mimi nikiviona naona meza ile ya jikoni.


#16 BintiMvita_RN

Pole sana dada yangu. Pole kwa moyo wote.


#17 Mnyamwezi_Bham

Pole Mama Junior. Kwa taarifa, baada ya ule mwaka wa 37, SEC yenyewe iliweka kikomo cha vijana 28 wa kusaini kwa mwaka, kisha 2011 wakashusha hadi 25. Na ndiyo hapo Otish nakurudia: kikomo kilipowekwa, ubingwa haukuhama. 2015, 2017, 2019, 2020, 2021, 2022. Georgia wale wa mwisho waliwafunga TCU, chuo cha Texas, 65–7 kwenye fainali.


#18 Otish_Columbus

Mama Junior pole. Nilitaja namba bila kufikiria kwamba ndani yake kuna mtoto wa mtu.

Mnyamwezi, hapo umenijibu, sina la kuongeza kwa sasa.


#19 BintiMvita_RN

Mimi ni nesi hapa Tuscaloosa na nataka niseme la moyo, maana hesabu zimejaa.

Novemba 30, 2013. Alabama wako kwa watani wao wa jadi, Auburn. Nina mgonjwa mzee, shabiki wa Alabama tangu utoto, binti yake kaolewa na mtu wa Auburn na mkwe yuko humohumo chumbani. Mchezo 28–28. Saa imekwisha, waamuzi wanarudisha sekunde moja. Sekunde moja tu. Alabama wanaamua kupiga mpira katikati ya milingoti kutoka yadi 57. Nilikuwa nimeingia kupima presha, mzee akanizuia kwa kiganja, "Ngoja." Mpira ukapungukiwa. Kijana wa Auburn, Chris Davis, alikuwa amesimama nyuma kabisa chini ya milingoti, akaudaka, akaanza kukimbia. Akakimbia uwanja mzima. 34–28.

Mashine ya mapigo ya moyo ikaanza kulia. Nikamwangalia mzee, machozi yanamtoka, kamshika mkono mkwe wake, anamwambia, "Nimeishi kuiona. Imenipiga, lakini nimeiona." Mkwe hakushangilia. Alikaa pale hajasema neno, ameushika mkono ule, karibu robo saa.

Watu hawa hawakuwa na timu ya kulipwa. NFL, ile ligi ya kulipwa, ilizaliwa Canton, Ohio mwaka 1920, na Kusini yote ilikaa bila timu miaka mingi. Falcons wa Atlanta walianza 1966, Saints wa New Orleans 1967. Alabama na Mississippi mpaka leo hawana. Chuo ndicho timu ya taifa lao. Na kuna ile fahari ya watu waliodharauliwa. Januari 1, 1926 Alabama walikwenda kwa treni mpaka Pasadena kucheza Rose Bowl na Washington, hakuna aliyewapa nafasi, wakashinda 20–19. Treni ikirudi, watu walijaa kwenye stesheni za Kusini kuwalaki, hata wasio wa Alabama. Mpaka leo ukisikia mashabiki wa vyuo vinavyochukiana wakiimba pamoja "S-E-C, S-E-C", ndiyo hiyo treni bado inapita.


#20 Dereva_ATL

Dada umeandika kitu cha kuhifadhi. Lakini kama sababu ya makombe, hapana. Nebraska nao hawana timu ya kulipwa, wanapenda kufa, na kombe lao la mwisho ni 1997. Georgia wana Falcons, Louisiana wana Saints, Florida wana timu tatu za kulipwa. Na fahari ya 1926 ilikuwepo pia ile miaka 11 ya ukame aliyoitaja Otish.


#21 BintiMvita_RN

Kaka, fahari haileti kombe peke yake. Inaleta mtu wa kulipa. Texas A&M, wa SEC, walimfukuza kocha wao Novemba 2023 huku akiwadai zaidi ya dola milioni 75 za mkataba uliobaki. Nani analipa hiyo kama si mtu anayelia mbele ya televisheni?


#22 Kibibi_Ngamiani

Dola milioni 75 kwa mtu anayeondoka! Wakuu, na riadha je? Naona Wakenya kwenye vyuo hivyohivyo.


#23 Otish_Columbus

Wapo. Mercy Chelangat akiwa na jezi ya Alabama alishinda ubingwa wa vyuo wa mbio za nyika, ule wa msimu wa 2020 uliokimbiwa Machi 2021. Doris Lemngole, Alabama pia, akashinda 2024. Kwenye vyuo hivi futiboli ndiyo inaingiza pesa, michezo mingine mingi inalishwa nayo. Kwa hiyo shabiki anayenunua tiketi Tuscaloosa anamsomesha msichana wa Rift Valley.

Kwenye futiboli yenyewe Daniel Adongo alitoka raga ya Kenya akaingia Colts wa NFL 2013, hakupitia chuo chochote cha hapa. Na Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka wa Uganda, alicheza Boston College.


#24 Baba_Kasongo

Otish mbona unamruka wetu? Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa. Novemba 1995, akiwa Michigan, alikimbia yadi 313 dhidi ya nani vile? Si Ohio State yako? Nakuuliza tu ndugu yangu.


#25 Otish_Columbus

Mzee umeniua. Yadi 313, ni kweli. 31–23. Hapa Columbus jina hilo halitajwi mezani.


#26 Mwl_Knoxville

Turudi kwenye mada, vijana. Mbona hakuna anayesema kwamba labda yamekwisha? Tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na anahama chuo bila kukaa benchi mwaka mzima. Ubingwa wa 2023 ni Michigan. Wa 2024 ni Ohio State. Zamani inasemwa Kusini walilipa chini ya meza, sasa wote wanalipa juu ya meza, na Kaskazini kuna wahitimu matajiri zaidi. Na tangu makubaliano ya mahakamani ya Juni 2025, vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwagawia wachezaji hadi kama dola milioni 20.5 kwa mwaka. Mbinu ya Saban, yaani kumweka benchi kijana ambaye kwingine angekuwa nyota, haiwezekani tena. Kijana anafunga begi.


#27 Shangazi_Nashville

Mwalimu, miaka miwili si zama. Texas na Oklahoma wameingia SEC 2024, unadhani walikuja kufuata nini kama nyumba inaungua?

Ila nitakupa ushahidi wa upande wako, maana nilikuwepo. Oktoba 5, 2024, Vanderbilt, chuo cha hapa kwetu, kinachojulikana kwa madaktari na wanasheria, kiliwafunga Alabama waliokuwa namba 1 nchini, 40–35. Hawakuwa wamewafunga Alabama tangu 1984. Wanafunzi waling'oa milingoti wakaibeba begani kupitia katikati ya mji. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa duka la mwenzangu Broadway, nikaona chuma la manjano linapita juu ya vichwa kama jeneza la mfalme, vijana wanaimba, polisi wanafungua njia. Wakalitumbukiza mto Cumberland. Mwanangu alikuwa mmoja wa waliolishika upande wa nyuma. Viatu vyake bado vina matope yale, amekataa nisivioshe.


#28 Mnyamwezi_Bham

Siku ile Birmingham ilikuwa kimya kama kuna msiba. Nilikwenda dukani kununua maziwa, muuzaji hakunijibu salamu.

Shangazi, bado nasimama na pesa. Ila sasa nakubali kwamba pesa yenyewe ilipita kwenye ule mlango wa 1984 na 1992.


#29 Dereva_ATL

Na watoto je, unawaruka? Pesa haidaki mpira. Leteni sensa ya 2030 tuje tuongee.


#30 Baba_Kasongo

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu wa kweli. Wiki hii mwanangu amepata barua mbili. Moja ya chuo cha SEC, makocha wamekuja shuleni. Nyingine ya Kaskazini. Mama yake anataka asibaki mbali. Yeye mwenyewe anataka Kusini, anasema huko ndiko kuna wakubwa. Mimi nimesoma uzi huu wote mara mbili na naogopa meza ya jikoni ya Mama Junior.


#31 Mama_Junior

Kaka yangu, usiogope. Muulize kocha mbele ya mkeo maswali haya: mna nafasi ngapi za mstari wa mbele mwaka wake? Wangapi mmeshawaahidi? Akiumia mwaka wa kwanza, skolashipu inabaki? Majibu aandike, atie sahihi. Akisema "tuaminiane", msindikize mlangoni. Na mtoto asiwafungie mlango wengine mpaka siku ya kusaini. Mimi sikujua kuuliza.


#32 Otish_Columbus

Na huyo wa Kaskazini muulize hayohayo, mzee. Asipendelewe.


#33 Baba_Kasongo

Asanteni sana. Leo wanacheza ugenini, basi linaondoka saa tisa. Nimeyaandika maswali ya Mama Junior kwenye karatasi, nampelekea shuleni sasa hivi kabla hajapanda.